Mstari wa Meno

Kila asubuhi, kabla ya sala na kabla ya wimbo, nilikuwa nikiwapanga wanafunzi wangu mbele ya darasa na kuwaamuru wafungue vinywa. Wenyewe waliuita mstari wa meno, na sidhani kwamba waliupa jina hilo kwa mapenzi. Nilipita polepole, mikono nyuma, nikimwinamia kila mmoja. Aliyekuwa safi aliambiwa "ingia", na asiyekuwa safi alirudishwa mtoni na kipande cha mkaa. Sikumpiga mtoto yeyote kwa ajili ya meno, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa jambo hilo. Niliacha kujisifu siku nilipofahamu kwamba iko aibu inayouma kuliko fimbo, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiigawa.

Hayo yalikuwa katika nusu ya pili ya miaka ya sitini, katika kijiji kimoja cha msitu wa Walikale ambacho barabara yake, baada ya fujo za miaka iliyotangulia, ilikuwa imerudi kuwa njia ya miguu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Sikuwa nimeolewa, na kwa hiyo watoto waliniita Mamuzele, kama walivyomwita kila mwalimu wa kike asiye na mume. Nilitoka milima ya Masisi, juu ya Ngungu, kwa wakulima wa maharagwe na mihogo, nami niliingia msituni na kiburi cha watu wa milimani, ambao hudhani kwamba anayeishi juu huona mbali.

Kiburi changu kilikuwa na mizizi katika meno. Katika ukoo wetu, posa ilipoletwa, shangazi za upande wa mwanaume walikuwa na kazi moja tu: kumchekesha binti. Walileta mizaha ya kila namna, wakaiga sauti ya mchungaji na mwendo wa mbuzi mjamzito, na shabaha yao haikuwa furaha bali kumwona meno. Mama yangu, aliyejua kwamba siku hiyo ingefika, alituamsha na jivu na maji ya baridi tungali wadogo sana. Baadaye masista walionisomesha walinipa burosi ya meno, ya kwanza kuonekana nyumbani kwetu, nao wakanifundisha kusaga mkaa, kuuchanganya na chumvi kidogo, na kusugua kutoka kwenye ufizi kuelekea kwenye ncha ya jino, si kwa upana kama mtu anayefuta meza. Maarifa hayo niliyapokea kama imani. Nilipotumwa Walikale niliyachukua pamoja na chaki na kitabu cha hesabu.

Nisijidharau kupita kiasi, kwa maana kujidharau nako ni namna ya kujisifu. Kazi niliyoifanya haikuwa bure. Msituni hapakuwa na burosi wala duka, basi nilienda na watoto kukata vijiti katika miti ambayo wazee wao waliijua, tukatafuna ncha mpaka zikawa kama manyoya, na kila mtoto akawa na kijiti chake, akikichomeka ukutani kwenye majani ya nyumba, mahali palipojulikana kuwa pake. Niliwafundisha kusukutua kila walipokula asali, na katika majira ya asali fundisho hilo lilihitaji kurudiwa kila siku, kwa sababu asali ya msitu huo haimwachi mtoto akumbuke kitu. Niliwakataza kupasua kokwa za mawese kwa magego. Niliwaambia kwamba jino linalouma si la kufichwa, bali huonyeshwa mtu mzima siku ile ile. Hili la mwisho nililisema kwa sauti kubwa kuliko yote, na mtasikia ni kwa nini ninalikumbuka kwa haya.

Katika mwaka wa nne alikuwamo msichana mmoja tu. Walianza watatu. Wawili walitolewa masomoni, mmoja akalee wadogo zake na mwingine kwa sababu ambayo wazazi wake hawakuona haja ya kuieleza. Huyu aliyebaki alikuwa na miaka kumi hivi, mwembamba, mwepesi wa hesabu kuliko wavulana wote, tena mwenye sauti ya kusoma ambayo ilinifanya niweke chaki chini nisikilize. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alikwenda upande wa Omate kutafuta kazi ya machimbo, naye alilelewa na nyanya yake, mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Koko. Nilikuwa nimejiapia kwamba msichana huyu atafika mwaka wa sita, hata kama itanibidi nimbebe mgongoni.

Mwanzoni mwa mvua alianza kuziba mdomo kwa kiganja. Nilipomwita asome alisimama akanyamaza. Kwenye mstari wa meno alifungua kinywa kidogo sana, kisha siku moja nilipomlazimisha akifungue chote nikaona meno yake ya upande mmoja yamekuwa meusi, na ufizi pia mweusi, kama aliyelamba sufuria.

"Hukusugua," nilimwambia.

"Nimesugua, Mamuzele."

"Basi hii ni nini?"

Alirudisha kiganja mdomoni. Nyuma yake mvulana mmoja, mchekeshaji wa darasa, akasema kwa sauti ya kutosha: "Kinwa yake iko sawa matako ya chungu."

Darasa lote likacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumkemea yule mvulana, na kosa hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko lile lililofuata. Nilimwacha aseme kwa sababu maneno yake yalinisaidia kazi. Mwalimu akikubali kusaidiwa na dhihaka, hata kwa dakika moja, amekwisha kumkabidhi mwingine fimbo aliyoikataa mwenyewe.

Nilichota mkaa uliosagwa na chumvi kutoka katika kopo langu, nikampa kijiti, nikamsimamisha mbele ya wenzake. Alisugua. Weusi haukutoka. Nikamwambia asugue tena. Alisugua mpaka chumvi ikafika mahali ilipofika, machozi yakamtoka bila sauti, na mate aliyoyatema yakawa na damu. Ndipo nikasema "ingia", kwa upole, kama mtu aliyetenda wema. Aliingia, akaketi, na saa ya mapumziko alikwenda nyumbani kwao.

Kesho yake hakuja. Hakuja siku ya pili wala ya tatu. Siku ya tano direktere wa shule, mtu mpole mwenye koti moja, alinikuta nikifuta chaki kwenye tablo akaniambia: "Mamuzele, ule mutoto wa kike njo amekwisha kutoka. Batoto ba kike banatokaka vile. Usijitese."

Nilimshukuru. Lakini sikuweza kutojitesa, kwa kuwa wale wawili wa kwanza walitolewa na wazazi wao, na huyu nilijua ametolewa na nani.

Nyumba ya Koko ilikuwa mwisho wa kijiji, imeezekwa kwa majani ya mangongo, ndani moshi na giza la mchana. Nilibisha hodi nikiwa nimetayarisha hotuba juu ya faida ya masomo. Hotuba hiyo sikuitoa.

"Njo wewe Mamuzele wa meno?" mzee aliniuliza kutoka ndani.

"Njo mimi, Koko," nilijibu, njo ikiwa ndiyo ya huko kwetu.

"Ingia. Ikala pale pa kipande ya muti. Kiti iko moja, na mimi njo niko juu yake."

Niliketi. Macho yalipozoea giza nilimwona mwanafunzi wangu amelala kwenye mkeka karibu na moto, shavu moja limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Nikasema nimekuja kumwangalia mtoto.

"Mutoto haiko kitu ya kuangalia," Koko alijibu. "Ulimuangalia ya kutosha."

"Nilizani ni uchafu, Koko. Ile weusi."

"Ulizani. Haukuuliza. Ile weusi iko dawa. Ni gome ya muti, minamupatia mimi mwenyewe. Jino inamuuma tangu mvua ya kwanza. Dawa inashika jino, inakamata maumivu kidogo, mutoto analala. Wewe ukaitosha yote, ukaiondoa na chumvi yako."

Katika vitabu vyangu hapakuwa na gome hilo. Na mtoto alikuwa na ulimi, ningeweza kumuuliza mbali na wenzake, naye angenijibu kwa maneno mawili.

Koko hakuwa amemaliza. Alivuta kiti chake mbele, akainamisha uso wake karibu na wangu na kufungua kinywa. Ndani mlikuwa na ufizi mtupu, na visiki viwili vya rangi ya chai upande wa chini.

"Ona muzuri. Si njo kazi yako? Mimi nilichongwa meno. Nilikuwa na miaka ya huyu, ao nilimupita kidogo. Bantu bakubwa balisema njo uzuri. Nikalala chini, mama mukubwa akanishika kichwa, mwanaume akapiga na kipande ya chuma, tak, tak, mpaka yote ya mbele ikakuwa na ncha. Sikulia. Balinisifu siku mbili nzima. Kisha meno ikaanza kuoza, moja, moja, mpaka leo mutoto njo ananitafunia nyama." Akarudi nyuma. "Sasa wewe unakuja, unamusugua mutoto mpaka damu, unasema njo uzuri. Mi sione tofauti, Mamuzele. Yule mwanaume alikuwa na chuma, wewe uko na chumvi."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingine vikiwa vimeandikwa na watu waliofikiri maisha yao yote juu ya haki ya mkubwa kuutengeneza mwili wa mdogo. Sijakutana na ukurasa ulionihukumu kama maneno ya mzee yule asiyejua kusoma. Nilitaka kumjibu kwamba tofauti ipo, kwamba yeye aliharibiwa meno na mimi nilikuwa nayaokoa. Ilikuwa kweli. Lakini ukweli huo, niliposhindwa hata kuuliza jambo moja, ulikuwa umechafuka mikononi mwangu, na sikuwa na haki ya kuutoa mbele ya lile shavu.

Nilimgusa mtoto paji la uso. Alikuwa na homa. Nilijua kiasi cha kutosha kuogopa: usaha ukikaa taya la chini, karibu na koo, hausubiri majira. Nikamwambia Koko kwamba dawa ya gome inatuliza lakini haitoi ugonjwa. Kwamba iko dispansari mwendo wa asubuhi nzima. Kwamba munganga wa pale, mtu wa sindano, anajua kung'oa meno. Kwamba tusipokwenda tunaweza kumpoteza mtoto, si masomo tu.

"Hapana," alisema. "Kinwa ikianza kutoa jino, haisimame. Yangu ilianza na moja."

"Koko, yako ilichongwa. Ya huyu ni jino moja tu iko mugonjwa. Ikitoka, zingine zitabaki."

"Njo unavyosema."

Hapo mtoto akasema kitu kwa lugha yao, sauti ndogo kutoka kwenye mkeka, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Nilimwuliza amesema nini.

"Anauliza: Mamuzele anaangaliaka kinwa ya bantu yote. Ye mwenyewe, nani anamuangaliaka?"

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye gego la chini upande wa kushoto.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo mpaka saa ile hakuna mtu aliyelijua. Kwa masista nilikuwa mwanafunzi wa zamu jikoni, na ufunguo wa kabati nilipewa mimi kwa sababu ya tabia yangu njema. Ndani ya kabati lile lilikuwamo kopo la sukari ya vipande, iliyopandishwa kutoka sokoni Shasha kwa ajili ya wageni. Kwa miaka miwili nilichukua kipande kimoja kila siku baada ya sala ya jioni, nikakiweka shavuni upande wa kushoto, nikalala nacho. Asubuhi niliwaongoza wanafunzi wadogo katika kusugua meno. Gego lilitoboka kabla sijapata cheti cha ualimu. Nilipofika Walikale lilikuwa shimo, linauma kila nilipokunywa maji ya mto, nami nilijifunza kutafuna kwa upande wa kulia na kucheka midomo ikiwa imefungwa. Direktere aliusifu ukali wangu mbele ya wazazi. Sehemu kubwa ya ukali ule ilikuwa ni jino.

Mimi niliyewaambia watoto kila juma kwamba jino linalouma si la kufichwa.

"Hakuna anayeniangalia," nilimjibu mtoto.

"Basi fungua," Koko akasema.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa mwalimu, mgeni, mtu wa kuheshimiwa. Lakini nilifikiri: huyu mtoto alifungua nilipomwamuru, mbele ya wavulana, na jino lake lilikuwa linamuuma kama langu. Nikafungua. Koko alitoa kijinga motoni, akakipuliza mpaka kikawaka, akakisogeza karibu na shavu langu nikahisi joto lake. Mtoto aliinuka kwa kiwiko, akasogea, akatazama. Walitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama yeyote kwenye mstari wangu.

"Iko shimo," mtoto akasema.

"Iko shimo ya zamani," Koko akasema. "Mamuzele, yako iko mubaya kupita ya mutoto."

"Ninajua."

"Ulikula nini?"

"Sukari, Koko. Niliiba sukari."

Alicheka mpaka akalazimika kuweka kijinga chini. Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akawa mzito tena, akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi. "Kesho tutaenda bote. Wewe njo utaanza. Nikiona kinwa yako imetoa jino moja na haijafa, nitawaachia ya mutoto."

Tuliondoka alfajiri, sisi watatu. Kwa kuwa mtoto alikuwa dhaifu nilimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia, na hivyo nadhiri yangu ikatimizwa kwa namna ambayo sikuitazamia. Koko alitangulia na fimbo, hodari kwenye magogo ya kuvukia kuliko mimi wa milimani. Kila tulipopishana na mtu yeyote alimsalimia na kumweleza bila kuombwa. "Koko, munaenda wapi?" "Tunapeleka Mamuzele batoshe jino. Ilioza." Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alisimama akaniangalia midomo kwa huruma, akasema, "Pole, mwalimu. Njo sababu haucheke?" Tulipofika dispansari nilikuwa sina siri tena upande ule wa Walikale.

Munganga alikuwa mtu wa makamo, shati lake limefuliwa mpaka limekuwa jembamba kama karatasi. Aliuliza mgonjwa ni nani.

"Bote babili," Koko akasema. "Mukubwa anaanza."

Alitazama kinywa cha mtoto kwanza, akatikisa kichwa, akasema tumefika kwa wakati wake, si mapema wala si kwa kuchelewa. Kisha akatazama changu. Akafungua kisanduku, akatuonyesha kichupa kimoja. "Dawa ya kuua maumivu iko kidogo. Inaenea muntu moja, mudogo. Tangu barabara ilikufa hawatuletee."

"Ni ya mtoto," nilisema.

Sitaki mtu yeyote aniheshimu kwa jambo hilo. Kwa hesabu yoyote ya haki, mwizi wa sukari hakustahili hata kuulizwa.

Niliketi kwenye kiti cha mbao, nikashika pande zake mbili. Mtoto alisimama mbele yangu, shavu lake limevimba, macho yake yote kwenye koleo. Munganga akasema, kwa mzaha wa kunituliza, "Mwalimu, leo wewe njo mwanafunzi. Fungua, na usiniume." Nilikuwa nimeazimia kutolia. Niliwaza juu ya Koko aliyelala chini akichongwa bila kutoa sauti, nikasema moyoni nitakuwa kama yeye. Jino lilipoanza kusogea nililia kama mbuzi. Lilitoka vipande viwili, na cha pili kilichukua muda mrefu kuliko cha kwanza. Katikati ya hayo nilihisi mkono mdogo umenishika kidole gumba, ukikaza kila nilipokaza.

"Mamuzele amelia," mtoto alimwambia nyanya yake, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

"Mi sikulia," Koko akasema. "Lakini mi nilikuwa mujinga. Ningelia, labda bangeacha."

Kisha alimsukuma mjukuu wake taratibu mpaka kwenye kiti. Mtoto alichomwa sindano, tukangoja, akafungua kinywa. Hakulia, kwa kuwa dawa ilifanya kazi yake. Usaha ulitoka mwingi, na munganga akafanya alichopaswa kufanya kwa mikono mepesi kuliko aliyonitendea mimi. Alituambia wazi kwamba lile lilikuwa jino la ukubwani na halitaota jingine. Kwamba mengine yote yalikuwa mazima. Kwamba asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na asisuguliwe mahali pale mpaka pafunge. Hilo la mwisho alilisema akiniangalia mimi, na sijui nani alimweleza.

Tulipotoka nje mtoto alikuwa na meno yote kiganjani, lake na vipande vyangu. Watoto wa huko, kama wa kwetu, hurusha jino lililotoka juu ya nyumba na kumwomba panya alichukue alete jipya. Tulijua sote kwamba hatutaletewa kitu. Hata hivyo alitaka kurusha, na hakuna aliyemkatalia. Sasa, yeye alikuwa amezoea paa za mangongo, ambazo jino likitua hubaki. Dispansari ilikuwa ya mabati. Alirusha, tukasikia jino linagonga, linabiringika, likaanguka miguuni pake. Akarusha tena, likarudi tena.

"Panya ya hapa inakataa," alisema kwa shida, upande mmoja wa mdomo ukiwa umekufa ganzi.

"Ile ya Mamuzele njo anakataa," Koko akasema. "Hata panya iko na macho."

Nilicheka. Nilicheka midomo ikiwa wazi, damu na yote, na yule munganga akatoka mlangoni kuona ni nini kinachowafurahisha watu waliotoka kwenye koleo lake. Mtoto akafunga meno yale katika jani, tukayarudisha kijijini, na jioni aliyarusha juu ya nyumba ya Koko, nayo yakakaa.

Alirudi shuleni wiki iliyofuata. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wanafunzi wote jambo la gome, na jambo la sukari pia. Hili la pili nililisema harakaharaka, lakini nililisema. Kisha nikabadilisha mstari. Kabla sijamwinamia mtoto yeyote, mmoja wao aliniangalia mimi, na nikampa kazi hiyo msichana yule, kwa mwezi mzima wa kwanza. Aliyekuwa na weusi, au maumivu, au uvimbe, niliongea naye pembeni, na swali langu la kwanza likawa swali kweli. Wazazi wengi siku hizi hununua pipi ili kumnyamazisha mtoto, halafu humtisha kwa daktari wa meno kana kwamba ni askari. Wangefanya vema kuanza na vinywa vyao. Mtoto hufuata kile anachokiona kinafanyika asubuhi kando ya mtungi wa maji kuliko anachohubiriwa, na akiuliza nani anakuangalia wewe, hana utovu wa adabu.

Msichana yule aliumaliza mwaka wa sita. Lakini asubuhi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa mapema kuliko hapo, pengine siku ya nane au ya tisa ya kazi yake mpya. Nilikuwa nimechelewa kuamka. Nilikuwa nimekula sombe, mboga ya majani ya mihogo, usiku, nikaja bila kusugua, nikidhani nitapita. Nilifungua kinywa mbele ya mstari. Alisimama kwa ncha za vidole, akatazama upande wa kulia, akatazama pengo la kushoto, akarudi kulia.

"Rudi mtoni, Mamuzele," akasema.

Akaninyooshea kipande cha mkaa. Yule mvulana mchekeshaji akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa karibu kuchukuliwa na wengine. Nilikuwa nimekwisha kugeuka kuelekea njia ya mto niliposikia sauti ya msichana nyuma yangu, ile sauti ya kusoma, imerudi yote.

"Nyamaza. Anaenda kusugua."